Rais akisamehe, hukumu inakwenda wapi?

Swali: "Shikamoo wakili. Baba yangu mdogo anatumikia kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na sasa yuko mwaka wa kumi. Nyumbani tunaamini hakuhusika. Rufaa yake iligonga mwamba Mahakama Kuu. Wazee wa ukoo wameamua tumwandikie Rais. Naomba kujua: akisamehewa, ndiyo atakuwa ameonekana hana hatia? Na mbona Rais wa Marekani alimsamehe mwanawe hata kwa mambo ambayo hayajafika mahakamani, wakati huku mahabusu wanakaa ndani miaka na tunaambiwa Rais hana la kufanya? Si sheria ileile tuliyorithi kwa Mwingereza?" (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu, na poleni nyumbani. Miaka kumi ya kubeba sabuni na dawa kupeleka gerezani si mchezo.

Nikupe jibu lenyewe kwanza, maana nahisi barua mmeshaanza kuiandika: hapana. Baba yako mdogo akisamehewa atatoka, ila hukumu itabaki palepale ilipoandikwa. Msamaha unahusu adhabu. Kama alitenda au hakutenda, hilo ni la mahakama na Rais haligusi. Kwa hiyo kaeni kwanza mkubaliane mnachotafuta ni mtu arudi nyumbani, au ni jina lake lisafishwe. Ni njia mbili, na kila moja ina makaratasi yake.

Miaka kadhaa nyuma alinijia mzee mmoja aliyetoka kwa msamaha wa Sikukuu ya Muungano. Karatasi yake ya kuachiwa aliitunza kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuachia. Alikuwa amenyimwa kazi ya ulinzi mahali fulani kwa sababu ya rekodi ya jinai, akataka nimwombe hakimu agonge muhuri kwamba hana kosa. Nikamsomea ile karatasi mstari kwa mstari: jina, namba ya mfungwa, kosa, tarehe ya hukumu, na mwisho kabisa sababu ya kuachiwa. Kosa lake lilikuwa pale, limepigwa chapa safi. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa alinisamehe nini?" Nikamwambia, alikusamehe miaka iliyokuwa imebaki.

Mfano ambao kila Mtanzania anaukumbuka ni wa mwanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha. Juni 2004 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani kwa kubaka watoto na kuwapa kifungo cha maisha, pamoja na watoto wengine wawili wa Nguza. Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yao. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wale wawili, baba na Papii wakabaki ndani. Desemba 9, 2017, kwenye sherehe za Uhuru mjini Dodoma, Rais Magufuli akawataja kwa majina. Siku hiyo msamaha uligusa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 walitoka, wengine walipunguziwa vifungo. Walikuwemo pia 61 waliokuwa wakisubiri kunyongwa.

Kilichofuata wengi hawakukifuatilia. Babu Seya na mwanawe walikuwa na shauri lao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na halikufa kwa sababu wao wako nje. Machi 2018 majaji wa Arusha wakasema Tanzania ilivunja haki yao ya kujitetea, kwa mambo kama kutopewa nakala za maelezo ya mashahidi. Hawakusema kwamba hawa watu hawakutenda. Kwa hiyo ndani ya miezi minne watu hao walikuwa na hatia iliyothibitishwa na Mahakama ya Rufani, msamaha wa mkuu wa nchi, na uamuzi wa Arusha kwamba hawakutendewa haki katika kujitetea. Vyote vitatu vilikuwa halali kwa wakati mmoja, na hakuna kilichofuta kingine.

Na kuna upande ambao umati uliokuwa ukishangilia haukuutazama: wale watoto, ambao kufikia 2017 walikuwa wameshakuwa watu wazima. Ibara ya 45 ya Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kusamehe, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi au kuifuta yote au sehemu yake. Kumsikiliza aliyeumizwa haikutajwa. Nitalirudia hili nikifika Kenya.

Sasa swali lako la Marekani. Shina ni moja, hujakosea. Kwa Waingereza wa zamani kosa la jinai lilihesabiwa ni kuvunja amani ya mfalme, basi mwenye amani yake ndiye mwenye kusamehe. Kulikuwa na mabwana wakubwa wa majimbo waliokuwa wakisamehe kwenye maeneo yao, mpaka Henry VIII akawanyang'anya mamlaka hayo mwaka 1535. Tangu hapo kalamu ikawa moja. Na kalamu ikiwa moja, watu wa karibu na mwenye kalamu hawakosi kuiomba. Mwaka 1679 Bunge lilikuwa linamshtaki waziri mkubwa wa Charles II, Earl of Danby. Mfalme akamtolea msamaha kesi ikiwa inaendelea. Bunge likaukataa, na Danby akakaa Mnara wa London miaka mitano. Mwaka 1701 wakaliweka kwenye sheria kabisa: msamaha wa mfalme hauwezi kutumika kama kinga kwa mtu anayeshtakiwa na Bunge.

Wamarekani walipoandika katiba yao mwaka 1787 waliibeba kalamu hiyo pamoja na lile katazo la Danby. Rais wao anasamehe makosa dhidi ya Marekani, isipokuwa pale Bunge linapomshtaki kiongozi ili kumwondoa madarakani. Basi, maneno yenyewe ni hayo tu. "Makosa dhidi ya Marekani" ni makosa ya sheria za shirikisho, hivyo mtu aliyefungwa kwa sheria za jimbo Rais hamuwezi, huyo ni wa gavana au wa bodi ya jimbo lake. Lakini tazama ambacho hakimo: hakuna mahali panaposema mtu awe ametiwa hatiani kwanza. Mwaka 1866 Mahakama ya Juu ya huko ikasema wazi kwamba kosa likishatendeka, Rais anaweza kulisamehe kabla ya mashtaka, kesi ikiendelea, au baada ya hukumu.

Kwa mlango huo ndipo Rais Gerald Ford alipompitisha mtangulizi wake, Richard Nixon, Septemba 8, 1974, kwa lolote alilotenda dhidi ya Marekani alipokuwa madarakani, wakati hakuna hata hati moja ya mashtaka iliyofunguliwa dhidi yake. Kwa mlango huohuo Joe Biden alimsamehe mwanawe Hunter, Desemba 1, 2024. Huyu alikuwa na kesi mbili zilizokwishampata na hatia, ya bunduki na ya kodi, lakini msamaha ukafunika pia kosa lolote la shirikisho ambalo huenda alilitenda tangu Januari 1, 2014. Karibu miaka kumi na moja, mwanangu. Wiki saba baadaye, Januari 20, 2025, siku ya kwanza ya Donald Trump kurudi Ikulu, wakasamehewa watu takriban 1,500 wa ile vurugu ya kuvamia jengo la Bunge Januari 6, 2021. Kila upande ulimpigia kelele mwenzake, na kila upande ulikuwa na sheria mkononi.

Wenyewe huko wana kesi moja naipenda sana. Rais Woodrow Wilson alimpa msamaha mhariri wa gazeti la New York aliyeitwa Burdick, ambaye hakuwa ameshtakiwa kwa lolote, ili tu akose kisingizio cha kutotaja nani alimpa habari. Burdick akasema asante, sitaki. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ikamuunga mkono: msamaha unaweza kukataliwa, kwa sababu kuupokea kunabeba dhana kwamba ulikosa. Inasimuliwa kwamba Ford alikuwa akitembea na maneno ya hukumu hiyo kwenye pochi, akiyatoa kila alipoulizwa kwa nini alimwachia Nixon. Kwa hiyo hata Marekani, kwenye msamaha mpana kuliko wote, anayepokea hatoki akiwa msafi.

Kwetu maneno ni mengine. Ibara ya 45 inazungumzia mtu "aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama". Mahabusu hajapatikana na hatia, hivyo hana cha kusamehewa. Utakumbuka Septemba 2019, Rais Magufuli alipotaka watuhumiwa wa uhujumu uchumi wakiri na kurejesha fedha. Hakusema "nimewasamehe". Alimshauri Mkurugenzi wa Mashtaka awape siku saba, kwa sababu kabla ya hukumu kesi iko mikononi mwa mkurugenzi huyo, na yeye ndiye anayeweza kuiondoa mahakamani. Kwa nje matokeo yanafanana, mtu anatoka. Kisheria ni milango miwili tofauti. Na ukivuka maji, Rais wa Zanzibar naye ana kalamu yake kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984, anayoitumia hasa Sikukuu ya Mapinduzi.

Kwa maoni yangu hapa sisi tuko sawa kuliko Wamarekani. Kumsamehe mtu kabla ya kesi ni kuzika na ushahidi wake. Wananchi hawatajua kamwe alifanya nini. Hao mahabusu wanaokaa miaka dawa yao ni dhamana na upelelezi wa haraka.

Tunakozidiwa ni kwingine: nani anakaa katikati ya barua yako na kalamu. Uingereza yenyewe mfalme hajiamulii siku hizi, anafuata ushauri wa Waziri wa Sheria. Kenya wameliandika vizuri zaidi kuliko wote ninaowajua. Ibara ya 133 ya katiba yao ya 2010 inasema Rais anatumia mamlaka ya huruma baada ya ombi la mtu yeyote, na kwa kufuata ushauri wa kamati. Ndani ya kamati kuna Mwanasheria Mkuu, waziri anayehusika na magereza, na watu wasiopungua watano ambao si watumishi wa umma. Na kamati inaweza kuzingatia maoni ya waliotendewa kosa. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye jambo la Babu Seya. Kamati haimfungi Rais asisamehe wengi. Oktoba 2016 Uhuru Kenyatta alibadilisha adhabu za kifo za watu 2,747 kuwa kifungo cha maisha kwa siku moja. Inachofanya ni kuhakikisha kuna meza ambayo faili limefunguliwa na mtu akalisoma. Uganda nako wana kamati, ya Mwanasheria Mkuu na raia sita wenye kuheshimika.

Je, mahakama zinaweza kumhoji mwenye kusamehe? Zamani jibu lilikuwa hapana, kavu. Katika rufaa moja ya Trinidad, kisiwa cha Karibi, iliyosikilizwa London miaka ya 1970, Jaji Diplock alisema huruma huanzia pale haki za kisheria zinapoishia. Sentensi tamu, na imewanyima watu wengi nafasi ya kusikilizwa. Lakini jopo lilelile la London linalosikiliza rufaa za mwisho za visiwa vile lilibadilika mwaka 2000, kwenye kesi ya wafungwa wa Jamaika: mfungwa ana haki ya kuona nyaraka zinazopelekwa mbele ya wanaoshauri huruma, na kutoa hoja zake. Afrika Kusini walitangulia. Mwaka 1994 Nelson Mandela aliwaachia kina mama wafungwa wenye watoto chini ya miaka 12. Mfungwa mmoja mwanamume, aliyekuwa akilea peke yake, akaenda mahakamani: mbona na mimi nina mtoto? Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ikamwambia ameshindwa, ila ikasema jambo kubwa, kwamba msamaha wa Rais ni kitendo cha kikatiba kama vingine na majaji wanaweza kuukagua.

Hata ukimya wa mwenye kalamu unahesabiwa. Kwenye kesi ya Susan Kigula na wenzake, Januari 2009, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mtu aliyethibitishiwa adhabu ya kifo akikaa miaka mitatu bila Rais kusema ndiyo wala hapana, adhabu yake inageuka kifungo cha maisha. Sisi, ambao mara ya mwisho kunyonga ilikuwa 1994, tungefaidika na kipimo kama hicho.

Turudi kwa baba yako mdogo, na kwa suala la jina, maana nahisi ndilo linalowauma wazee. Uingereza waliamua miaka ya 1980 kwamba hata ule msamaha unaoitwa kamili unaondoa adhabu na madhara yake, hauondoi hukumu; hukumu hufutwa na mahakama ya rufaa peke yake. Familia ya Derek Bentley iliishi na hilo. Kijana huyo wa miaka 19 alinyongwa London Januari 28, 1953, kwa mauaji ya polisi ambaye risasi iliyomuua ilipigwa na mwenzake, na waziri wa wakati ule alikataa kumhurumia. Mwaka 1993 serikali ikatoa msamaha nusu: adhabu haikustahili, hatia inabaki. Dada yake Iris hakutosheka, akaendelea kupigania. Iris alifariki 1997. Julai 1998 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu.

Karibu zaidi na sisi kwa wakati ni Kathleen Folbigg wa Australia, mama aliyekaa gerezani miaka 20 kwa vifo vya watoto wake wanne, hadi wataalamu wa jenetiki walipoonyesha kuwa huenda vilikuwa vya asili. Alisamehewa Juni 5, 2023, akatoka siku hiyohiyo. Hatia yake ilifutwa Desemba 14. Kwa miezi sita alikuwa akinywa chai kwa rafiki zake, huru, na kwenye vitabu vya serikali bado ni muuaji. Mawakili wake hawakulala kwa sababu ya msamaha. Nanyi msilale.

Umeniandikia kwamba rufaa iliishia Mahakama Kuu. Basi haijaisha! Juu yake ipo Mahakama ya Rufani. Taarifa ya kukata rufaa ilitakiwa ndani ya siku 30, na ni wazi zimepita zamani, lakini mfungwa anaweza kuomba Mahakama Kuu imwongezee muda akieleza sababu za kuchelewa, siku kwa siku. Mwulizeni alipata lini nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, na kama anayo barua yoyote aliyoandika kuziomba. Hiyo barua ina thamani kuliko barua ya wazee. Kama hana wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawagusa wafungwa. Aanzie kwa ofisa magereza. Mlango wa Arusha msiuhesabu: Tanzania ilijiondoa kwenye utaratibu wa mtu binafsi kuishtaki nchi pale, na tangu Novemba 2020 haupitiki.

Barua kwa Rais iandikeni, sikatazi, ila msitegemee orodha za Aprili 26 na Desemba 9. Orodha hizo kwa kawaida huwapa nafasi wagonjwa mahututi, wazee wa miaka 70 na zaidi, na wajawazito au wanaonyonyesha, na makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha mara nyingi huwekwa kando. Ombi lenu liwe lake peke yake, lipitie kwa mkuu wa gereza. Msijaze kurasa za "hakutenda". Anayesoma hana uwezo wa kupima ushahidi, atawarudisha mahakamani. Waambieni umri wake, afya yake na vyeti vya hospitali, mwenendo wake na kazi aliyojifunza ndani, nani atampokea na atalala wapi. Na kabla ya yote mwulizeni bwana jela tarehe yake ya kutoka baada ya punguzo la theluthi moja la mwenendo mzuri. Familia nyingi huhesabu miaka 30 mizima, kumbe punguzo hilo halihitaji hata sahihi ya Rais.

Nakala ya hukumu mkiipata, nendeni moja kwa moja kwenye kurasa za utambuzi. Kama tukio lilikuwa usiku na shahidi akasema alimtambua kwa mwanga wa taa, tafuteni kama hakimu aliuliza taa ya aina gani, mwanga kiasi gani, walikuwa umbali gani, kwa dakika ngapi, na kama walikuwa wakifahamiana kabla. Hivyo vipimo viliwekwa na Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Waziri Amani mwaka 1980, na vimewatoa watu wengi gerezani bila Rais kushika kalamu. Mkiona hayo maswali hayakuulizwa, piga picha kurasa hizo unitumie.